Togwa ya Melania

Kimea hakitiwi kwenye uji wa moto.

Juzi tulipotoka kumzika bibi yenu, mlimsikia Mzee Haule akimwambia hivyo katekista aliyekuwa ameanza kunifariji, na katekista akafunga kitabu chake. Mmeniuliza maneno yale yametoka wapi. Aliyeyasema kwanza ni bibi yenu mwenyewe, Melania, tulipokuwa bado vijana. Nimeona niwasimulie kwa kuandika, maana mdomo wangu siku hizi hauniitikii. Methali hii ilianza hivi.

Mama yake Melania alifariki ghafla, wakati wa palizi. Alimwacha mumewe, Mzee Nikasi Ngonyani, mtu aliyezoea kunywa togwa ya mke wake asubuhi na jioni tangu alipooa. Baada ya mazishi mzee aliacha kula. Hakulia, wala hakugomba na mtu. Akiletewa ugali, aliutazama kama kitu alichosahau jina lake. Mashavu yakaanza kubonyea, na sote tukajua kwamba asipopata cha kushuka kooni tutachimba kaburi jingine kando ya lile.

Otmari, kaka yake Melania, alikuwa na kazi Songea mjini. Akaleta juisi za boksi, na togwa ya paketi, ile ya unga unaokorogwa na maji ikawa tayari. Mzee alionja, akasema ni tamu, kisha akauliza imetengenezwa na nani. Otmari akasoma maandishi ya kwenye paketi, akataja kiwanda. Mzee akauliza kiwanda hicho ni cha ukoo gani. Hatukujua kama anatania. Akaweka kikombe chini, akageukia ukutani.

Ndipo Melania akaamua kupika togwa mwenyewe. Juu ya uchaga wa jikoni kilikuwepo kibuyu kidogo chenye kimea alichokiacha mama yake: ulezi alioulowanisha, akaufunika kwa majani ya mgomba mpaka ukaota, akauanika, akausaga kwa mikono yake. Kilikuwa kimea cha mwisho cha mikono ile. Melania alipika uji mzito wa mahindi, akaepua, na kwa kuwa baba yake alikuwa anadhoofika hakutaka kupoteza muda. Akatia kimea, akakoroga, akafunika.

Togwa mnaijua. Kimea kikiingia, uji hulegea ukawa mwepesi, ukilala unakuwa mtamu wenye uchachu kwa mbali. Lakini asubuhi uji wa Melania ulikuwa mzito vilevile, na mwiko unasimama katikati. Haukuwa na utamu wowote. Akapika tena. Ikawa yaleyale.

Hapo kila mtu akawa na sababu yake. Shangazi mmoja alisema kosa ni la chungu, kinamjua mwenyewe. Mwingine akasema marehemu hajaridhia. Melania akabadilisha chungu, akabadilisha maji, akabadilisha hata kuni. Otmari akamwambia paketi zimeletwa duniani ili watu wasiteseke. Nilimkuta Melania amekaa chini jikoni, anautazama ule uji kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha asiyoijua. Alifanya yote aliyomwona mama yake akifanya, hata namna ya kukung'uta mwiko. Mimi nilikuwa mkwe tu katika nyumba ile. Nilipasua kuni, zikawa nyingi kuliko moto wenyewe.

Kikabaki kimea cha kupikia mara moja tu.

Siku hiyo mzee alitoka chumbani akaja kukaa mlangoni mwa jiko. Sijui kilichomtoa ni nini, labda ile harufu ya uji. Melania akaepua chungu, akanyoosha mkono kuchukua kibuyu.

"Mbona huendi?" mzee akauliza.

"Niende wapi, baba?"

"Kwa Leokadia."

Leokadia alikuwa jirani. Melania akanitazama, nami nikatazama kuni. Tulidhani akili ya mzee imeanza kuyumba.

"Baba, tuko msibani," akasema polepole. "Mfiwa hatembelei nyumba za watu mpaka tanga lianuliwe."

"Mama yako alikuwa akiepua uji anakwenda kwa Leokadia. Kila mara. Namwambia, wewe mwanamke, chungu umekiacha kinapoa, unakwenda kupiga umbeya. Ananijibu, ndiyo kazi yenyewe."

Melania akabaki ameshika kibuyu. Alikuwa amejifunza kila hatua ambayo mikono ya mama yake ilifanya kazi. Ile ambayo mikono ilikaa bure hakuihesabu, na msiba ulipomfungia nyumbani, hakuwa na mahali pa kwenda uji ukapoa.

Akaweka kibuyu chini, akakaa kando ya chungu, karibu na baba yake. Walitazama mvuke ukipungua juu ya chungu. Kisha mzee akaanza mwenyewe kumtaja mke wake, habari za umbeya wake kwanza, na katikati ya habari hizo akalia. Melania hakumnyamazisha. Alipomaliza, Melania akachovya kidole katika uji. Ulikuwa vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto. Akatia kimea, na uji ukalegea mbele ya macho yetu.

Jioni ile Otmari alifika na wazee wa ukoo ili wamkalishe baba yake chini na kumwambia ajikaze. Melania akasimama mlangoni, Otmari akamuuliza baba yuko wapi.

"Kaka, kimea hakitiwi kwenye uji wa moto."

"Nakuuliza habari za baba, dada, unanijibu habari za jikoni?"

"Ndizo hizohizo. Mwacheni kwanza."

Otmari akanigeukia mimi. Hata mimi sikuwa nimeelewa vizuri, nikamwambia tu, kaa shemeji. Tukakaa uani, wazee wazima na maneno yao mazuri yakisubiri.

Asubuhi mzee alitoka mwenyewe, akaomba kikombe. Akanywa, akakitazama ndani.

"Hii ya nani?"

"Kimea cha mama, uji wangu."

Akanyoosha kikombe aongezwe.

Maneno ya Melania yakatoka katika nyumba ile yakaenda zake, mpaka yakafika kwa akina Haule.

Katekista ni mtu mwema, na aliyotaka kuniambia juzi ni ya kweli. Siku moja nitamwita aniambie. Leo asubuhi nimepika uji, nikakuta nimetoa vikombe viwili, nikasimama nacho kile cha pili nisijue nikiweke wapi. Kwa hiyo, wajukuu zangu, mkiniona nimenyamaza msihangaike kunitafutia maneno. Kaeni tu hapa na mimi, kando ya chungu. Kimea hakitiwi kwenye uji wa moto.