Mto wa Bibi Mbeleje

Usilalie mto usioujua. Leo mmemsikia mama yenu akimwambia dalali wa viwanja maneno hayo, mkacheka, mkaja kuniuliza mto na kiwanja vinahusiana nini. Kaeni basi. Msemo huu una mahali ulipotoka, nami napajua.

Mama yenu, Nyemo, alikuwa mdogo, meno ya mbele yamemtoka. Kaka yangu Lameki, babu yenu, aliwapeleka watu wake kwenye bustani ya bembea iliyofunguliwa nje ya mji, chini ya vilima. Walikuwa yeye, bibi yenu Dorika, Nyemo, na mama yake Dorika, Bibi Mbeleje, aliyetoka kijijini kuwasalimu. Walikusudia kulala huko huko kwenye hema, ili mtoto apande bembea jioni na kesho yake tena.

Mlinzi aliwaambia wachague wenyewe pa kulala. Palikuwa na mwinuko wa mawe na miiba, nyuma ya choo, karibu na jenereta. Chini yake palikuwa na mchanga mweupe, mpana, laini kama unga, na ukikaa pale uliliona gurudumu kubwa la taa likizunguka. Nyemo akavua viatu akakimbilia mchangani. Lameki akasema mtoto kashachagua, akaanza kupigilia vigingi.

Bibi Mbeleje hakuteremka. Enzi zile mama mkwe hakumsemesha mkwewe uso kwa uso, wala hakukaribia anapolala. Likiwapo neno, lilipitia kwa binti. Basi akamwita Dorika, akamwambia kwa sauti ndogo, "Mimi mto silalii."

Dorika alikuwa amekumbatia matandiko. Alilelewa mjini kwa shangazi yake, na kwake mto wa kulalia ulikuwa mmoja tu, ule wa pamba. "Haya mama. Mto wako ataulalia Nyemo."

"Nyemo naye asilalie mto."

"Kwani shingo itamuuma?"

Bibi alimtazama bintiye, asijue kama anataniwa. "Mto huamka," akasema.

Dorika alipompelekea mumewe maneno hayo, Lameki alicheka mpaka nyundo ikamponyoka. Alisema mito ya nyumba yake inalala fofofo kuliko mwenye nyumba. Mwache mama alale juu, akasema, anaona haya kulala karibu na mkwe. Ikawa hivyo.

Giza lilipoingia Bibi alikuwa peke yake kwenye mawe, juu ya kanga yake. Kule vilimani anga lilimulika bila sauti, ingawa juu ya kichwa chake nyota zilikuwa safi. Sisimizi walipanda kutoka mchangani wamebeba mayai yao, wakampita miguuni msafara mzima. Kisha upepo ukaleta harufu ya udongo uliolowa. Alitega sikio, lakini jenereta lilimziba. Akamwita tena Dorika, akamuuliza mtoto yuko wapi. Dorika akajibu kutoka hemani kwamba asiwe na wasiwasi, amelala, amekumbatia mto wake.

Bibi alisimama, akakaa. Mle hemani mkwewe alikuwa amevua shati. Mama gani huingia alipolala mkwe? Aibu ilimshika mguu mmoja, hofu ikamvuta wa pili, naye akabaki pale pale juu ya mawe.

Bustani ikafungwa. Taa za gurudumu zikazimika, jenereta likanyamaza.

Mngurumo haukunyamaza.

Kumbe ulikuwa chini ya ule wa jenereta, kama lori linalopanda mlima. Sasa ulibaki peke yake, na ulikuwa unakuja.

Bibi akateremka. Alifungua hema kwa mikono yake mwenyewe, akaingia, akamshika mkwewe mkono.

"Lameki. Mto unakuja."

Lameki aliruka akitafuta shuka ya kujifunika. "Mama! Mto gani?"

"Huu mliolalia. Wa maji."

"Mbona maji hamna?"

"Kwetu mto hauachi jina lake kwa kukauka. Mbebe mtoto."

Hapo mchanga ulikuwa umeanza kutetemeka chini ya magoti yao. Lameki akamzoa Nyemo na mto wake pamoja, Dorika akamvuta mama yake. Walipanda yale mawe huku miiba ikiwachana, na nyuma yao kitu cheusi, kipana, kikapita na magogo, pasipo tone la mvua. Hema lilijikunja mara moja, likaenda. Nyemo akaamka, akauliza mchanga wake umekwenda wapi. Lameki alikuwa bado ameushika mkono wa mkwewe, wala hakuuachia mpaka kulipopambazuka.

Tangu hapo Dorika, mama yake akitaja mto, aliacha kila alichokuwa akifanya akauliza, "Mto upi, mama?"

Mama yenu halikumbuki lile gurudumu. Anakumbuka mchanga ulivyokuwa laini. Ndiyo sababu leo dalali alipomsifia kiwanja kile, tambarare, hakina jiwe hata moja, aliinama kwanza akachota mchanga. Aliuacha uchuruzike vidoleni. Kisha akamwambia taratibu, kama alivyofundishwa na bibi yake: usilalie mto usioujua.