Nyota Iliyokuwa Begani

Haya, semeni Amina.

Nimewasikia. Mmeitikia vizuri sana, na mimi sijasema neno hata moja la kuitikiwa. Liwekeni hilo pembeni, tutalirudia.

Kulikuwa na mzee mmoja mfugaji katika nchi kame, nchi ambayo mchana haipitiki kwa jua. Watu wa kwao walihama usiku, na kila walipohama walimfuata yeye, kwa maana hakuna aliyezijua nyota kama yeye. Alijua Kilimia kikizama mvua ziko wapi. Alijua nyota ipi huchomoza juu ya kisima kipi. Tena hakuwa mchoyo, aliwafundisha: "Nyota si kigingi, wanangu. Haikai mahali pamoja usiku kucha. Ikipanda hata ukainua shingo kuitazama, iache, ushike inayochomoza chini yake." Watu wakatikisa vichwa. Nani alijifunza? Ya nini kujichosha, na mzee yupo?

Aliyejifunza ni mmoja tu, mke wa mwanawe. Huyu mama alikuwa na mtoto mchanga, na mtoto akikukeshesha nje ya kibanda, utatazama juu upende usipende. Ndivyo alivyozizoea. Tena yeye ndiye aliyempelekea mkwewe chai kila asubuhi, akaona kuwa siku hizi mkono wa mzee unapapasa kwanza kabla ya kukifikia kikombe. Aliona, akanyamaza. Utaanzaje kumwambia baba mkwe kwamba haoni?

Mwaka huo kisima chao kikakauka. Wakafunga mizigo juu ya punda, waende kisima cha kusini, safari ya usiku mmoja. Maji yaliyobaki yalitosha kulowesha midomo ya watoto tu. Mzee akatangulia na fimbo yake, akauliza, "Nyota nyekundu iko mbele yetu?"

"Iko mbele, baba!" wakaitikia wote. Na kweli ilikuwa mbele.

Kisha wakafika kwenye korongo, wakalizunguka, na walipotoka ng'ambo hawakuirudia njia yao. Mzee akauliza tena, "Bado iko mbele?" Nao, vichwa chini, kila mtu anatazama visigino vya mwenzake, wakajibu kwa sauti moja, "Iko mbele, baba!"

Yule mama akainua uso. Nyota ilikuwa juu ya bega lake la kushoto.

Akamvuta mumewe nguo. "Mume wangu, nyota si ile pale kushoto?"

"Nyamaza! Unataka kumfundisha baba njia, mbele za watu?"

"Lakini si ameuliza?"

"Ameuliza, tumemjibu. Tembea."

Akatembea. Mara ya tatu mzee akasimama kabisa, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Wanangu, mnaiona kweli?" Yule mama akafungua kinywa. Mnajua kilichotoka? "Tunaiona, baba." Hata yeye!

Kulipopambazuka wakaona maji, mapana, yanametameta. Wanawake wakapiga vigelegele, mbuzi wakatimua mbio. Mzee akainama, akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. Lilikuwa ziwa la magadi. Kisima walikwisha kukipita usiku, kiko mbali huko kushoto. Mbuzi waliokunywa wakaanguka pale pale ukingoni. Jua likapanda, na hapakuwa na kivuli hata cha panya. Kabla ya jioni mtoto aliacha kulia, na mama yake alijua hata kabla hajamfungua mgongoni.

Ndipo mumewe akamgeukia mzee. "Baba, umetuua! Si wewe unayezijua nyota?"

"Nazijua," mzee akasema. "Ila macho yangu yalizimika tangu kiangazi kilichopita. Njia hii sikuiona hata hatua moja. Kwani mlidhani nilikuwa nawauliza ya nini?"

Najua mnataka kumlaumu mzee. Mlaumuni, aliona haya kusema ukweli na haya yake ikamla mjukuu wake. Lakini wale wengine, ndugu zangu, wale wenye macho mazima? Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Hawa waliambiwa, wakabembelezwa, na bado hawakutazama. Wakaiita heshima. Heshima gani hiyo, ya kuzika mtoto?

Sasa tuje kwetu. Sisi tunajaa humu kila Jumapili. Tunaulizwa, "Mmeelewa?" Tunajibu, "Tumeelewa!" Kitabu kiko nyumbani juu ya kabati, kimelala na vumbi lake. Na wewe uliyeinua uso, ukaona kwamba hatuendi tulikosema tunakwenda, ukaogopa kuonekana huna adabu, ukaitikia na wenzako, leo nakusema wewe kuliko wote. Wale hawakujua. Wewe ulijua, na mtoto alikuwa mgongoni mwako.

Mimi nikisimama hapa mbele nikawauliza kama mnaona, mnadhani nauliza ya nini?

Leo sitaki Amina. Inueni nyuso mtazame wenyewe, kisha mniambie nyota iko wapi.