Mkeka wa Kufunika Ulimwengu

Sogeeni, wajukuu zangu. Sogeeni zaidi, moto huu si wa mtu mmoja. Wewe unayetafuna muhogo, meza kwanza. Na ninyi wawili mnaonong'onezana, malizeni umbea wenu. Nataka kimya, maana hadithi hii nilipewa na bibi yangu kwa sauti ndogo, na mimi sina kubwa ya kuitolea.

Paukwa!

Pakawa!

Kale, kale ile ambayo hata wazee walikuwa bado hawajazaliwa, ulimwengu ulikuwa mdogo. Mdogo kama ua wa nyumba. Ukipika kwako, jirani anajua umezidisha chumvi. Mbingu ilikuwa hapo tu juu ya paa, na nyota zilikaa zimegusana mabega, zikisengenyana.

Alikuwako mtu akiitwa Mzee Dzombo. Mke wake Mbeyu, binti yake wa pekee Mwatime. Ng'ambo ya kijito alikaa kijana mmoja, Ndaro, mkwezi wa minazi, naye ndiye aliyemposa Mwatime. Wakapendana haswa. Ndaro alikuwa akitoka kwao, anafika, anamwamkia mkwewe, anarudi, na uji aliouacha bado wa moto.

Sasa watu wale walikuwa na desturi. Binti hatoki kwao bila mkeka. Mama anasuka ukili, ule utepe mrefu wa miyaa. Ukifika kipimo, baba anaushika, anaukata kwa kisu, anasema, "Umetosha." Hapo ndipo mkeka unashonwa na binti anaolewa. Baba asipotamka, hakuna mkono mwingine unaoruhusiwa kukata.

Mbeyu akasuka siku saba. Akaita, "Baba Mwatime, njoo ukate."

Dzombo akaupima ukili kwa mikono yake, pima ishirini. Akasema, "Bado."

"Bado nini? Mimi uliponioa, ukili wangu ulikuwa pima kumi na mbili!"

"Ndiyo maana unalala miguu nje. Binti yangu ni mmoja, mama. Mkeka wake utafunika ulimwengu wote, mpaka pale mbingu inapogusa ardhi. Akikaa popote, awe amekaa kwake."

Akamtuma Kunguru akatazame mwisho wa ulimwengu. Kunguru akarudi kesho yake, "Nimeuona, uko nyuma ya kile kilima."

"Suka, mama Mwatime."

Mbeyu akasuka mpaka kilimani. Kunguru akatumwa tena. Safari hii alikaa mwezi mzima, akarudi anahema.

"Mzee, mwisho umesogea. Hata kilima chenyewe hakipo pale."

"Nani kakisogeza?"

"Hakuna aliyeinua mguu. Ni ile nafasi ya katikati inayoumuka, kama unga wa maandazi uliotiwa hamira. Nyota nazo zimeachana. Kila moja inaiona nyingine inakwenda zake, na kila moja inaapa yenyewe haijaondoka."

"Suka, mama Mwatime."

Mnaniuliza ulimwengu unaumuka kuelekea wapi? Nami nilimuuliza bibi yangu hivyo hivyo. Aliniambia nivute miguu, nisiunguzwe na moto.

Sisimizi alikuwa akitembea juu ya ule ukili. Akasimama, akauliza, "Mzee Dzombo, na ukifika mwisho, upande wa pili kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Na hicho hakuna-kitu, nacho utakitandikia mkeka?"

Dzombo akampuliza, fuu, akaanguka.

Mara ya tatu Kunguru alikaa miaka. Aliporudi, sauti ilikuwa imemkauka. "Mzee, nikipiga bawa moja, mwisho unapiga mawili. Kata."

"Suka, mama Mwatime."

Na Ndaro je? Kwanza alianza kurudi uji umepoa. Kisha akawa anafika jioni. Kisha akawa anaondoka na masurufu ya njiani, anarudi hajafika. Mwisho akawa anapanda juu ya mnazi mrefu na kuita: "Mwatimeee! Baba amekata?"

Mwatime anajibu, "Badooo!"

Mwatime akaenda kwa baba yake, akapiga magoti. "Baba, kata. Hata mkeka wa kulazia mtoto mchanga utanitosha."

"Bado."

"Baba, kata. Ndaro simwoni tena, namsikia tu."

"Bado."

"Baba, kata. Nimeota mvi."

"Bado, mwanangu. Unataka watu wanicheke, waseme Dzombo aliishia katikati?"

Siku moja Mbeyu hakuamka. Vidole vyake vilikutwa vimeukumbatia ukili, havikufunguka hata alipooshwa. Dzombo akatazama huku, akatazama huku. Hapana tena mkono wa kusuka. Ndipo akachukua kisu. Akakata. Akasema, "Umetosha."

Mkeka ukashonwa. Mwatime akakalishwa juu yake, mwanamke mzima aliyepinda mgongo. Na pale pale wakasikia kwa mbali: "Mwatimeee! Nimeezeka nyumba. Baba amekata?"

Mwatime akaruka kama kigori. "Amekata, Ndaro! Amekata, njoo!"

Kunguru alikuwa juu ya paa, ndiyo kwanza anarudi kutoka ng'ambo kwa Ndaro. "Nyamaza, dada. Sauti nayo ni msafiri. Hiyo niliikuta njiani, nikaiacha nyuma, inajikokota. Mwenyewe nimemwacha amezikwa."

"Alioa?"

"Hakuoa. Alikuwa anangoja jibu. 'Bado' yako ya mwisho ilifika siku ya maziko yake. Waombolezaji waliisikia wote."

Dzombo akasogea. "Mwanangu, lakini si umetosha sasa? Tazama ulivyo mpana."

Mwatime akamtazama. "Umetosha nini, baba?"

Akanyanyuka, akakaa mchangani. Mkeka ule hakuukanyaga tena.

Hadithi yangu imekaa chini hapo, pamoja naye. Kama mwataka kujua nani alirithi nini, Kunguru alirithi kipande cha ukili, akakivaa, ndio ule weupe wa shingoni. Sisimizi alirithi njia, naye anaitembea bila kuuliza tena. Mzee Dzombo alirithi mkeka. Haukuingia mlangoni, ukalala nje, na mchwa wakawa wanautafuna yeye akiwasikia. Ninyi na mimi tulirithi ile nafasi ya katikati.

Na Mwatime alirithi sikio. Maswali yote aliyoyaita Ndaro juu ya mnazi yaliendelea kufika, moja leo, jingine mwakani, kila moja na umri wake: la kijana, la mtu mzima, la mzee. La mwisho halikuwa na maneno. Kilikuwa kikohozi tu.