Mlinzi wa Bilauri Kumi na Mbili

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake ni kwamba anayekudhuru hatoki mbali. Yuko karibu nawe, pengine mmekula sahani moja. Bila shaka aliyeitunga methali hii alikuwa akijikuna wakati huo, na alipomaliza akaona si haki wasiojikuna wakose funzo. Methali ni ya kweli, lakini ina hatari yake. Akipewa mtu mwenye macho makali, anaweza kuwapekua watu wote nguo zao kabla ya kukumbuka kwamba naye amevaa.

Mtu wa namna hiyo alikuwako katika karakana moja ya kupuliza vioo. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, na wote walimwita Jicho. Jina hilo hakulipata bure. Kabla ya kuingia karakanani alifanya kazi katika chumba cha kufungia mizigo, ambako aliinua kila bilauri kwenye mwanga wa dirisha na kuitafuta kasoro. Aliona viputo vidogo kuliko punje ya mtama. Aliona mikwaruzo ambayo hata bilauri yenyewe ilikuwa haijaihisi. Baada ya miaka miwili ya kuzikataa kazi za watu, aliomba kufundishwa kuzitengeneza, na mjomba wake, aliyekuwa mtunza joko la karakana, akamsemea kwa Fundi Mkuu.

Mafunzo yalikuwa na ngazi, na hakuna aliyeruka kipago hata kimoja. Miezi ya kwanza mwanafunzi alifagia vigae vya kioo na kulowesha magazeti, maana fundi huliviringisha tonge la kioo cha moto kwa gazeti bichi lililokunjwa kiganjani. Kisha alifundishwa kuchota tonge hilo tanurini kwa bomba refu la chuma, kama mtu achovyaye kijiti kwenye asali, na kulizungusha bila kukoma, kwa sababu kioo cha moto ni kama mtoto wa kudeka: ukiacha kukibembeleza kidogo tu, kinajitupa chini. Mwisho ndipo aliporuhusiwa kupuliza. Fundi Mkuu, ambaye miaka thelathini ya kazi ilikuwa imeyalegeza mashavu yake kama mifuko ya suruali kuukuu, alisema kupuliza ni jambo dogo, hata mwenye hasira hupuliza.

Juu ya ngazi hiyo kulikuwa na mtihani. Mwanafunzi alitakiwa kutengeneza bilauri kumi na mbili zinazofanana kama mapacha, aziweke katika joko la kupozea, na kesho yake zitoke nzima zote. Kila mmoja alipewa nafasi tatu, moja kila mwezi. Atakayefaulu angekalia benchi la fundi aliyestaafu. Atakayeshindwa angerudi alikotoka. Benchi lilikuwa moja na wanafunzi walikuwa wawili. Kwa Jicho, alikotoka kulikuwa dirisha lile lile na kazi za watu wengine, mpaka azeeke.

Mwanafunzi wa pili aliitwa Mpole. Alikuwa kijana wa sauti ya chini, anayemsalimia kila mtu na kucheka kabla ya kichekesho kwisha. Jicho hakumwamini tangu siku ya kwanza. Mtu asiye na kasoro, aliamini, ni mtu ambaye hajainuliwa vizuri kwenye mwanga.

Joko dogo la wanafunzi lilikuwa na vyumba viwili na milango miwili, wa kushoto wa Mpole na wa kulia wa Jicho. Saa nne asubuhi bilauri zilifungiwa humo, na Mjomba akaanza kuushusha moto kidogo kidogo mpaka alfajiri, akiandika joto la kila chumba katika daftari lake. Mlangoni palibandikwa karatasi: MLANGO HUU HAUFUNGULIWI.

Katika mtihani wa kwanza, bilauri za Mpole zilitoka nzima, lakini kila moja imeinama upande wake kama watu wanaosikiliza mlangoni. Za Jicho zilisimama wima, nzuri kupita kiasi, isipokuwa tano zilikuwa na ufa. Fundi Mkuu alimweleza kwamba vitako vyake ni vinene. Kitako kinene huchelewa kupoa, mdomo mwembamba huwahi, vikavutana hadi kimoja kikakubali kupasuka. Jicho aliyasikia maelezo hayo kwa masikio na kuyakataa kwa moyo. Jana yake Mpole alikuwa amepita mbele ya mlango wa kulia mara mbili. Mtu ana mlango wake wa kushoto, wa kulia anautakia nini?

Jioni alimweleza mama yake, aliyekuwa akikunja nguo.

"Mwanangu, kikulacho ki nguoni mwako," mama alisema, kwa namna ya mtu anayetaka kufunga mazungumzo, akaendelea kuitafuta soksi ya pili.

Jicho aliichukua methali hiyo kama hakimu anavyochukua ushahidi. Akawaza: Mpole si wa nguoni, Mpole ni wa jirani. Nani basi yuko karibu nami zaidi, naye anashinda siku nzima kando ya joko? Jibu lilipomjia alilikataa. Kisha akalikaribisha, akalipatia na kiti.

Mwezi wa pili alipunguza vitako mpaka Fundi Mkuu mwenyewe akavigusa na kusema hizi zimekaa sawa. Lakini safari hii Jicho hakukubali kuziacha bilauri zake yatima. Wakati wa chakula cha mchana, watu wote walipotoka, alivaa glavu zake, akafungua mlango kiasi cha upana wa kidole, akahesabu moja hadi kumi na mbili, akafunga. Karatasi ilisema mlango haufunguliwi, ni kweli, lakini karatasi iliandikwa kwa ajili ya watu wenye nia mbaya. Mwingine akifungua, hiyo ni hujuma. Yeye akifungua, huo ni ulinzi. Alilinda tena wakati wa chai, na mara ya tatu kabla ya kwenda nyumbani. Kila alipohesabu zilikuwa nzima, akazidi kuamini kwamba ulinzi unasaidia.

Asubuhi za Mpole zilikuwa bado zimeinama kidogo; za Jicho, saba zilikuwa na ufa.

Fundi Mkuu alizigeuza moja moja, akapitisha kidole gumba kwenye vitako, asione kosa. Alikunja uso, akasema hapa kuna kitu, akamwagiza Mjomba achunguze kama mlango wa kulia unavuja hewa. Jicho alibaki na maneno matatu ya mwanzo. Hapa kuna kitu. Hata Fundi ameona.

Tangu siku hiyo kila alichokitazama kilimtazama. Mpole alikuwa akipotea wakati wa chakula na kurudi na jasho mikononi; jasho la nini, wakati hakuna kazi? Mfagiaji alifagia karibu na joko kwa uangalifu usio wa kawaida. Hata paka wa karakana, aliyelala kando ya joko kwa ajili ya joto, alishukiwa kwa siku mbili, akaachiliwa kwa kukosa sababu.

Mbaya zaidi, siku moja alimkuta Mjomba amepiga magoti mbele ya mlango wa kulia. Alipomwona, Mjomba alishtuka na kufuta mkono kwenye suruali.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mbona hujaenda kula?"

"Na wewe mbona hujaenda?"

"Uzee umekula njaa yangu," alijibu Mjomba, akacheka.

Jicho hakucheka. Anayejibu kwa mzaha ana la kuficha. Anayejibu kwa dhati naye amejiandaa.

Kwa mwaka mzima walikuwa wakienda kazini pamoja, Mjomba akimwekea nusu ya karanga zake njiani. Sasa Jicho aliondoka mapema, peke yake. Mjomba alimuuliza dada yake taratibu kama kuna neno amemkosea mtoto. Mama hakujua, na Jicho alipoulizwa alisema ana haraka. Hakusema anakimbia nini.

Siku ya mtihani wa tatu alipuliza kama hajawahi kupuliza. Bilauri kumi na mbili zilijipanga jokoni kama wanafunzi siku ya ukaguzi. Mjomba alipofunga na kugeuka, Jicho alitoa mfukoni chaki ya bluu aliyoisaga usiku uliopita ikawa laini kama unga, akaupaka mpini wa mlango wake. Mpini ulikuwa mweusi na mahali pale pana kivuli, asiyejua asingeona. Atakayeugusa angebeba rangi kwenye glavu zake, na hakuna aliyekuwa na glavu zaidi ya jozi moja. Alitabasamu. Mtego ulikuwa mzuri kuliko bilauri.

Mchana alikwenda kuukagua. Unga ulikuwa vile vile. Lakini kama adui alifungua kwa kijiti, je? Alivaa glavu, akafungua upana wa kidole, akahesabu kumi na mbili, akafunga, akapaka unga upya. Wakati wa chai alifanya hivyo hivyo. Jioni alifanya hivyo hivyo, na kwa kuwa hii ilikuwa nafasi ya mwisho, alihesabu mara mbili.

Asubuhi karakana nzima ilisimama mbele ya joko. Fundi Mkuu alifungua kwanza mlango wa kushoto. Bilauri za Mpole zilitoka zote, wima, zinafanana hata mama yao asingezitofautisha. Kisha akashika kitambaa na kufungua wa kulia.

Tatu zilikuwa nzima. Tisa zilikuwa na ufa, na moja kati ya hizo, ilipoguswa, iliachia mdomo wake mkononi mwa Fundi.

"Fundi, kabla hujasema neno," alisema Jicho, na sauti yake ilikuwa imetulia ajabu, "nilitega. Mpini huo una unga wa bluu tangu jana. Kila mtu atoe glavu zake."

Watu walitazamana. Fundi Mkuu alikitazama kitambaa chake, akaona kimegeuka bluu, akatikisa kichwa kukubali.

Mpole alitoa zake. Hazikuwa na bluu. Zilikuwa zimechakaa viganjani kama zimesagwa, na Jicho alipodai kujua kwa nini, kijana aliona haya. Alisema kila mchana huenda stoo kuzungusha mpini wa ufagio juu ya mapaja yake, nusu saa, bila kusimama, kwa sababu mikono yake ilikuwa ikiziinamisha bilauri. Hakutaka watu wamcheke. Mfagiaji akasema kumbe ndiyo maana ufagio wake unapotea.

Mjomba alitoa zake. Zilikuwa na udongo mwekundu, mkavu, kwenye kila kidole. Bluu haikuwamo.

Mpole akauliza, kwa sauti yake ile ya chini.

"Na zako, dada?"

Jicho alicheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa jina lake na mama yake. Aliingiza mkono katika mfuko wa aproni, akazitoa. Zilikuwa bluu viganjani, bluu vidoleni, bluu mpaka kwenye mishono. Na pale alipozoea kujifutia, aproni yake ilikuwa na alama za vidole, kubwa na wazi, kama mtu aliyeshikwa mkono akipelekwa kituoni.

"Hizi hazihesabiwi," alisema. "Mimi nilikuwa nalinda."

"Ulilinda mara ngapi?" Fundi Mkuu aliuliza.

Mjomba alifungua daftari lake, akalitazama kwa muda mrefu kuliko maandishi yalivyohitaji, kisha akasoma taratibu. Chumba cha kulia, saa saba na dakika kumi, joto limeanguka ghafla. Saa kumi na dakika tano, limeanguka. Saa kumi na moja na nusu, limeanguka sana. Akafungua ukurasa wa mwezi uliopita, na saa zilikuwa karibu zile zile.

Fundi Mkuu hakupandisha sauti. Alisema kioo hakipigi kelele kinapoumizwa. Hukaa na maumivu yake mpaka kipoe, ndipo kinapasuka. Hewa iliyoingia kwenye upana wa kidole ilitosha. Alisema vilevile kwamba mikono ya Jicho ni bora kuliko yote aliyoifundisha miaka hiyo, na watu waliinamisha macho, kwa sababu sifa hiyo ilikuja kwa mavazi ya msiba.

"Ngazi ya mwisho ni kungoja," alisema. "Hiyo hatukuiandika popote. Tulidhani kila mtu anaijua."

Benchi lilikwenda kwa Mpole. Jicho alifagia vigae vya bilauri zake mwenyewe, akaambiwa kesho aripoti chumba cha kufungia mizigo.

Jioni alimkuta Mjomba akimngoja langoni na karanga zake kwenye karatasi. Walitembea pamoja. Karibu na kona ya nyumbani Jicho alisema, "Nisamehe, Mjomba. Nilidhani ni wewe."

"Mimi nilidhani ni upepo," alijibu Mjomba. "Nimeuziba ule mlango kwa udongo mara tatu, mpwa wangu, nikikosa chakula. Upepo wenyewe kumbe nimeuleta kazini kwa mkono wangu." Akammiminia nusu ya karanga kiganjani.

Mama alikuwa akikusanya nguo za kufua. Aliuliza kama yule mharibifu amekamatwa. Jicho alisema amekamatwa. Mama akauliza ni nani, na binti yake akavua aproni akamkabidhi. Mama aliikunjua kwenye mwanga, akazitazama zile alama za vidole vya bluu, akamshika mwanawe mkono na kuupima juu yake. Ulilingana. Aliitupa aproni ndani ya beseni bila kusema kitu, kwa maana alikwisha kusema tangu mwezi wa kwanza, ila msikilizaji alitafuta katika nguo za watu wote akasahau zake: kikulacho ki nguoni mwako.