Milango ya Kimo cha Kilalo

Mmeniondoa kwenye maharage yangu, na yakiungua mtayala nyinyi. Mmekaa mezani na dadu na makaratasi ya mchezo wenu, mnamuunda shujaa mfupi wa kupigana ana kwa ana, mnabishana kama mtu wa kimo cha mbuzi anaweza kushinda vita. Halafu mnaniita mimi, wa nyumba ya Mwadime, niwasimulie habari za Kilalo, utadhani kilima hiki hakikuzaa mtu mwingine. Haya, andikeni.

Zamani za mababu wa mababu, kilima hiki kikiwa bado hakina jina, Mwangeka mfua chuma, mwana wa Mghosi aliyetangulia kuwasha moto huku juu, alizaa wana wawili. Wa kwanza Mwadime, Kichwa Juu ya Mtama, ambaye akipita kisimani wanawake walisahau mitungi yao. Wa pili Kilalo, aliyefika kimo cha beberu akakomea hapo.

Kilalo alipewa mkuki, ukawa unamburura. Mwadime akamwambia, "Mdogo wangu, upande tu huo mkuki, tukuone kwa mbali."

Kilalo akamwendea baba yake. "Baba, mkuki ni wa kupigania mbali. Mimi nifulie kitu cha karibu."

Mwangeka akamfulia sime lenye urefu wa kiwiko hadi kidole, akamkatia ngao ya ngozi ya nyati, ya kufunika kifua basi. Miaka mitatu Kilalo alijifunza kupita chini ya matumbo ya ng'ombe wanaotembea, hata kwato zisimguse. Kwa hiyo huyo mfupi wenu msimjazie nguvu. Mpeni miguu, na mpeni moyo wa kusogea mbele pale wenzake wanaporudi nyuma.

Wavamizi wa tambarare walipopanda na mikuki mirefu, Kilalo alipenya chini ya ncha zote, na kila aliyefikiwa magotini alijikuta ameshika mti wa bure. Jioni wanawake waliimba, Kilalo Mkata Visigino, Kilalo Aingiaye Chini ya Mikuki. Mwadime aliua watatu siku hiyo, na hakuimbiwa hata nusu ubeti. Watatu. Nawataja mimi kwa sababu hakuna mwingine anayewataja, na wivu uliomla usiku ule naujua, tumeurithi pamoja na shingo ndefu.

Sasa, mila yetu ni hii: mwenye ngao hajifungii mkanda wa kuishikilia. Hufungiwa na ndugu yake wa tumbo moja, asubuhi ya vita, kwa fundo ambalo kila mtu analo lake, ili akifa afe ameshikwa na mkono wa nyumbani. Wavamizi waliporudi, Mwadime alipiga magoti kumfungia mdogo wake, na kwa ncha ya kisu akaukata mkanda nusu, upande wa ndani.

"Umekaza, kaka?"

"Nimekaza."

Katikati ya vita ngao ikaanguka. Kilalo akaingia hivyo hivyo, kifua wazi, akamwangusha jemadari wao, nao wakakimbia. Lakini mkuki ulikuwa umeshampata ubavuni. Mwangeka akaiokota ngao. Mkanda ulikuwa na alama ya kisu, na fundo la Mwadime lilikuwa zima. Mjinga alikata mkanda, akaacha fundo lake limtaje.

Kilalo akasema, "Msimuue. Baba hawezi kuzika wawili kwa siku moja." Akafa.

Ndipo Mwangeka akatamka: "Kila mlango wa kilima hiki utapimwa kwa mwanangu huyu, na atakayepima ni wewe." Mwadime akanyoosha kamba kutoka kisigino cha mdogo wake hadi utosini, na kwa kamba ile akajenga upya milango ya nyumba zote. Ndiyo hiyo mnayoingilia kwangu mkilalamika migongo.

Vitani hakwenda tena, maana nani angemfungia mkanda? Aliishi sana, yule Kichwa Juu ya Mtama, na kila jioni ya maisha yake aliingia kwake kwa kutambaa, mke na watoto wakimtazama. Akafa na sugu magotini, ngumu kama kwato.