Wali Ulioungua Msibani

Ndugu zangu, mniwie radhi mapema: mfano huu nitausimulia vibaya. Nimechoka. Wiki nzima nimeshinda makaburini, na ukishazoea kusema "mavumbini utarudi", sauti ile haikutoki tena. Jana mke wangu kaniuliza kama nataka chai, nikainamisha kichwa kama niko kaburini.

Kulikuwa na mama mmoja mjane. Siku ya kumzika mumewe, jiko la msiba lilisimamiwa na wifi yake, dada wa marehemu. Sasa mpe mwiko mtu anayemlilia kaka yake, halafu mwambie aangalie moto. Wali uliungua. Watu wakatoka makaburini na njaa zao, wakala mkaa wenye chumvi. Tangu hapo wawili hao hawakutembeleana tena.

Miaka ikapita, binti wa mjane akachumbiwa. Nanyi mnajua, kwetu bi harusi hatolewi nje bila shangazi yake. Binti akasema, "Mama, shangazi asipokuja, mimi sitoki chumbani. Huyo bwana harusi mtaolewa naye nyinyi."

Siku moja kabla ya harusi, mjane akabeba jembe kwenda kupalilia kaburi la mumewe, wageni wasije wakakuta pori. Akamkuta nani? Wifi yake, amechuchumaa, anang'oa majani.

"Wifi," akasema yule dada bila kuinuka, "mtoto anaolewa. Lile jambo letu tulizike. Nimechoka."

"Mimi mbona nilishalizika zamani," akajibu mjane. "Sina kinyongo. Ingawa wali ule, wifi, ulikuwa mweusi. Mchungaji alitafuna nikasikia meno. Wageni wa mbali walidhani ni maharage. Lakini nimeshazika."

Wifi akaweka majani chini. "Kaka yangu tulimzika siku ile ile. Yeye hujamfukua hata mara moja. Wali wangu unaufukua kila ukikutana na mtu kisimani. Sasa hapo umezika nini?"

Mjane akatua jembe. Akaketi upande wa pili wa kaburi, akaanza naye kung'oa majani. Wakang'oa mpaka wakakutana katikati.

"Haya," akasema mjane. "Kesho uje umtoe mtoto wako." Akaokota jembe lake. "Ila jikoni usiingie."

"Wifi."

"Nimenyamaza."

Sisi je, ndugu zangu? Makaburi ya kweli tunayaheshimu. Tukishafukia, tunasimika msalaba, tunarudi nyumbani. Nani aliwahi kurudi kesho yake na koleo kuhakikisha marehemu bado yupo? Lakini kosa la mwenzetu tunalimwagia vumbi kidogo tu, miguu tunaiacha nje, ili siku ya kulihitaji tusihangaike kulitafuta. Tunasema "yamepita", na jembe liko begani. Hatuchoki? Kuzika kunachosha siku moja. Kufukua hakuna likizo.

Mimi, namshukuru Mungu, tabia hiyo sina. Yule mzee wa kanisa aliyekoroma nikihubiri sikukuu ya mavuno, nilimsamehe pale pale. Benchi la tatu, karibu na dirisha, shati la mistari, mdomo wazi mpaka nzi akawa anaingia na kutoka kama mwenye nyumba...

Naona mnamgeukia.

Basi. Aliye karibu na mlango aniletee koleo.