Pelele na Turubai Lenye Kupe

Wanangu, kabla sijaanza niungame. Mwaka fulani nilipewa fedha za vitambaa vya kwaya. Nikaona vitambaa vizuri kwenye simu, nikamtumia fedha muuzaji nisiyemjua. Havikuja. Nami nikawadanganya wanakwaya kwamba nimeibiwa njiani! Baadaye nilitubu mbele yao wote, wakanisamehe. Mungu ni mwema. Ndiyo maana leo nawasimulia haya.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, na jiko, na simu mkononi, mama mmoja mdogo wa jamii ya pimbi, aitwaye Pelele, aliishi kwenye majabali. Paa lake lilivuja, masika yalikuwa mlangoni, na watoto wake watatu walikuwa wanakohoa. Akiba yake ilitosha turubai moja tu. Ikipotea hiyo, watoto watalala majini.

Simu ikalia, ting! Picha ya turubai la kijivu, pana, nene. Chini imeandikwa: "Mali ya ng'ambo. Bei poa. Mimi Fisi, mwaminifu."

Pelele akampigia.

"Dada Pelele, wahi! Yamebaki mawili! Tuma sasa hivi, na ya kutolea."

"Nikishalishika nitalipa, kaka."

"Aka! Huniamini? Basi nitajie namba yako ya siri, nikufanyie malipo mimi, usihangaike."

"Namba yangu ya siri hata mume wangu haijui!" Akakata simu.

Akaivuta ile picha, akaikuza. Hee! Pembeni mwa turubai ameganda kupe, mnene kama kunde!

"Turubai gani lina kupe?"

Akatoka mbio, chapuchapu, hadi kwa Tembo. Akamkuta amekaa na Nyati, wote wamenuna.

"Shikamoo, mjomba. Picha hii waijua?"

"Marahaba. Naijua sana! Nimelipa wiki iliyopita, hadi leo silioni."

"Mimi nimelipa mara mbili," Nyati akaguna. "Kaniambia la kwanza limepotea njiani."

"Mjomba Tembo, hebu geuza kichwa."

Tembo akageuza. Kwenye sikio la kushoto, pale pale, kupe!

"Lahaula! Mjomba, Fisi alikupiga picha umelala. Umenunua sikio lako mwenyewe!"

Nyati akacheka hadi akaanguka, puu! Tembo akainamisha macho kwa haya.

"Usijali, mjomba. Kesho mchana lala, ukorome, ila usisinzie."

Pelele akampigia Fisi tena. "Kaka, nimekubali. Ila nataka lile lile la kwenye picha, si jingine. Akiba yangu nimempa Kobe, mtunza mizigo, na Nyati kaongeza yake. Ukilileta, nikalishika, Kobe anakulipa hapo hapo."

Mate yakamdondoka Fisi, cho, cho, cho. Tamaa ikamla akili.

Kesho yake mchana akaja, nyata, nyata, kisu mkononi. Tembo anakoroma, khrooo! Fisi akalishika sikio.

Vup! Mkonga ukamzunguka kiunoni.

"Mamaaa! Niache, mjomba!"

"Unataka nini kwenye sikio langu?"

"Mteja… mteja anataka lile la kwenye picha!"

Vichakani wanyama wote wakaangua kicheko. Kobe akatoka, polepole, akaiokota simu iliyomdondoka Fisi, akamnyooshea. "Rudisha."

Fisi akarudisha ya Tembo. Akarudisha ya Nyati, mara mbili.

"Na ya kutolea!" Pelele akapaza sauti.

Akaongeza na ya kutolea.

Pelele naye akaagiza turubai kwa Kongoni, mwenye duka ng'ambo ya mto. Mzigo ulipofika kwa Kobe, Pelele akaufungua, akalivuta turubai, akalimwagia maji, akalinusa. Halikuvuja. Ndipo akalipa. Masika yalipopiga, watoto wake walilala wakavu, wala hawakukohoa tena.

Fungua mzigo kwanza, ndipo ufungue mfuko.

Nami nawaomba jambo moja tu, wanangu: kabla hujamlipa mtu usiyemwona, njoo unioneshe hiyo picha. Sitakucheka.